Uji Usioonjwa

Miezi michache iliyopita mwanamke wa mtaani kwetu, Kasingirima, alikuja nimshonee gauni la kuvaa kwenye ubatizo wa mjukuu wake. Nilipomzungushia futi kiunoni aliushika mkono wangu. "Usitaje namba kwa sauti," akasema. Nikamtazama. Mikono yake ilikuwa myembamba, mashavu yameingia ndani, na tumbo limesimama mbele peke yake kama la kuazima. Niliwahi kuwa na mwili wa namna hiyo. Tulipomaliza akaangalia mlangoni, kisha akaniuliza, "Mama Jenista, la kwako kweli lilikuwa sumu?"

Nilimjibu palepale kwamba haikuwa sumu. Sikuona kama ameniamini. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba nililishwa na mkimbizi, na maneno hayo hawakuyaokota njiani. Waliyasikia kwangu. Kwa hiyo naandika ilivyokuwa, kwa ajili yake na kwa mwingine yeyote anayepanua sketi zake kwa siri. Mambo ya kitaalamu siyagusi. Mimi ni fundi cherehani, nilisoma mpaka darasa la saba, na yaliyobaki nimejifundisha mwenyewe.

Ilianza mwishoni mwa kiangazi, mwaka ambao mitumbwi ilifika Mwamgongo, karibu na mpaka wa Burundi, imejaa watu badala ya dagaa. Mume wangu, Stanislaus, alikuwa akienda huko kwa boti kununua dagaa waliokaushwa na kuja kuwauza mjini. Safari hiyo alirudi bila gunia hata moja. Nyuma yake alisimama mwanamke mrefu, mkavu, amejifunga kitenge kimoja na kukumbatia kingine.

"Huyu ni Spesioza," akasema. "Mtoto wa mjomba wangu, wa upande wa Burundi. Mumewe hajulikani alipo. Atakaa kwetu kidogo."

"Wakimbizi wanaandikishwa, wanapelekwa kambini."

"Ndiyo maana nasema kidogo."

"Kidogo" ya mume wangu naijua. Alipojenga choo cha muda alisema hivyohivyo, na ndicho tunachotumia mpaka leo.

Sketi yangu ya bluu ilikuwa ya kwanza kunikataa. Nilifikiri nimenenepa, nikafumua mshono wa pembeni, nikaongeza kipande. Baada ya wiki kadhaa nikafumua tena. Wakati huohuo damu ya mwezi ilianza kuja vibaya, yenye mabonge, ikakaa siku nyingi kuliko zamani. Nilitumia vipande vya vitambaa vya wateja vilivyobaki, kisha nikawa navichoma uani kabla watu hawajaamka. Miguu ilikosa nguvu ya kukanyaga cherehani. Uso wangu kwenye kioo ulikuwa na rangi ya majivu.

Mtu mwingine angesema ni ugonjwa. Mimi nilijiuliza, kimebadilika nini katika nyumba hii? Jibu lilikuwa limekaa mlangoni, linachambua maharage.

Lazima nieleze desturi moja, maana kila kitu kilisimama juu yake. Nimezaliwa Simbo. Kwetu, anayekukabidhi kibuyu cha pombe hunywa kwanza yeye, wewe ukimwona. Anayekuletea chakula humega kidogo akala, ndipo akusogezee. Hakuna anayeeleza kwa nini, mtoto hukua akiona. Asiyeonja hatukanwi. Chakula chake huachwa tu, kikapoa. Mjini wapo watu wa kila asili na wengi wana adabu nyingine, kwa hiyo mtu wa Ujiji akiniletea wali bila kuonja simhesabii. Lakini Warundi wana desturi hiyo kama sisi Waha. Spesioza aliijua tangu utotoni. Na Spesioza hakuonja.

Asubuhi ya kwanza aliponipikia uji aliuweka juu ya kigoda, akarudi nyuma mpaka mlangoni, akakaa akitazama nje. Nilimsubiri.

"Mbona hunywi, dada?"

"Naungoja upoe."

"Umeshapoa."

Tuliutazama ule uji sote wawili mpaka ukafanya utando juu.

Nikaanza kuangalia mengine. Sahani yake aliiosha mwenyewe na kuitundika mbali na zetu. Alikula peke yake, nyuma ya jiko, akitupa mgongo. Alitoka alfajiri na ndoo, na maji yakawa hayafiki mpaka jua limepanda. Alikohoa kidogo asubuhi, akasema ni moshi wa kuni. Aliteta na mume wangu uani kwa Kirundi, na kwa kuwa Kiha na Kirundi vinasikilizana, walishusha sauti kila nilipopita. Yeye alikuwa bado mwanamke wa kuzaa. Mimi nilikuwa na mtoto mmoja wa kike, Jenista, aliyekuwa karibu kumaliza shule ya msingi. Baada yake mimba zangu zilitoka, moja baada ya nyingine, kisha zikakoma.

Na nilikuwa na kitabu. Nilikinunua soko la Ujiji kwa muuza karanga ambaye alikuwa amekwisha kuchana jalada na kurasa za mwanzo kufungia bidhaa yake. Kilikuwa cha Kiingereza, juu ya malkia na binti za wafalme wa Ulaya wa karne ya kumi na sita, na nilikisoma polepole na kamusi kando. Majina yao yalinichanganya, maana walirithishana majina yaleyale, kwa hiyo niliwapa ya kwangu. Niliyempenda zaidi nilimwita Mhispania. Aliletwa Uingereza akiwa msichana aolewe na mwana wa mfalme, kijana akafa mapema, naye akaachwa miaka akisubiri bila kujua yeye ni mjane au mchumba, mpaka akaolewa na mdogo wa marehemu. Alibeba mimba nyingi. Akabaki na binti mmoja. Ndipo mfalme akamtamani mmoja wa wanawake waliokuwa wakimhudumia malkia mwenyewe, ndani ya nyumba yake.

Msomaji anaona nilivyousoma ukurasa huo.

Mwishoni Mhispania alihamishiwa kwenye majumba yenye unyevu, mbali na binti yake, akawa hali chakula chochote isipokuwa kilichopikwa chumbani mwake, mbele ya macho yake, na wanawake aliowaamini. Alipokufa, waliompasua waliukuta moyo wake umekuwa mweusi. Watu wakasema ni sumu. Kulikuwa na mwingine, malkia wa nchi ndogo ya milimani, aliyekwenda Paris kuandaa harusi ya mwanawe akafia huko, na watu wakasema ni glovu zenye manukato alizouziwa. Nilijifunza kwamba kila malkia alikuwa na mtu wa kumwonjea, na kwamba aliyekosa mwonjaji alijihesabu amekwisha. Niliona hao wazungu wa zamani walikuwa na akili kama za watu wa Simbo.

Nikahamisha jiko la mkaa nikaliweka chumbani kwangu. Nilifunga mlango na dirisha ili harufu isimwite mtu, nikapika uji wangu mwenyewe kwa unga niliouficha ndani ya sanduku la nguo. Kichwa kikaanza kuuma kila asubuhi, nikawa natapika. Kwangu huo ulikuwa ushahidi. Nilifikiri ameupata hata unga wa sandukuni. Ilikuwa baadaye sana nilipoelezwa kwamba mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa humlevya mtu na unaweza kumuua. Wewe unayesoma, kama umefikia kupika chumbani, fungua dirisha hata kama humwamini mtu.

Siku nilizoshindwa kupika nilimwita Jenista. Spesioza alikuwa ameleta mchuzi wa samaki, migebuka ya ziwani, ameuweka mezani na kuondoka.

"Onja," nikamwambia mwanangu.

Akachukua kijiko, akakiinua, kisha akakishusha. "Mama, kama mchuzi una sumu, si nakufa mimi?"

Hakuuliza kwa jeuri. Aliuliza kama mtoto anayeuliza hesabu. Nilichukua sahani ile nikammwagia mbwa wa jirani, na mbwa akaishi, akawa anakuja kila siku. Sikumwambia Jenista aonje tena. Lakini sikula.

Mvua zilipoanza, tumbo halikufichika. Wa kwanza kulisifu alikuwa Yasinta, dada wa mume wangu, muuza vitambaa sokoni, mwanamke wa sauti kubwa.

"Wifi! Kumbe! Umri huu?" Akanizunguka akinitazama kama ng'ombe wa mnada. "Limekaa mbele hili. Ni dume. Nilimwambia kaka yangu asikate tamaa."

"Sina mimba, wifi."

"Wote husema hivyo wakiogopa macho ya watu." Akanishonesha shali ya mtoto kwa kitambaa chake mwenyewe, nyeupe, na kunilazimisha niweke utepe.

Kanisani wanawake walinipisha kwenye benchi. Nami nilimkumbuka binti wa Mhispania, ambaye baadaye alikuwa malkia kwa haki yake. Tumbo lake lilipojaa, taifa lote liliamini ana mimba. Aliingizwa chumbani pamoja na wanawake wake, kitanda cha mtoto kikapambwa, barua za kutangaza uzazi zikaandikwa kabla, siku moja mpaka kengele zikapigwa mjini kwa uvumi kwamba amejifungua. Hapakuwa na mtoto. Tumbo likashuka taratibu, naye akatoka chumbani bila mtu kuthubutu kusema neno. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu, nikakaa nacho mapajani.

Zahanati niliwahi mapema, nikakuta benchi limejaa. Aliyekaa karibu yangu aliniuliza mwezi wa ngapi. Nikasema sijui. Akacheka: "Basi wewe ni wa kwanza kutojua." Mkojo ulipimwa, nikaambiwa sina mimba, nikapewa rufaa ya hospitali kubwa. Huko nilisubiri kwenye korido yenye harufu ya dawa ya sakafu na ndizi zilizoiva, kila mgonjwa na ndugu yake, mimi na kitabu changu. Daktari alikuwa kijana. Alilibonyeza tumbo, akaniuliza juu ya damu, akanawa mikono.

"Mama, huu ni uvimbe kwenye kizazi. Ni mkubwa. Tutautoa, na kizazi kitatoka nao. Lakini damu yako iko chini mno, hatuwezi kukupasua hivi. Utameza vidonge kwanza."

"Na nisipopasuliwa?"

"Utaendelea kutoka damu mpaka siku moja haitatosha."

Stanislaus aliitwa atie sahihi ya kukubali. Alitia mara moja, bila kuuliza swali. Mtu huyu huuliza maswali akinunua kiberiti. Nilimtazama akiirudisha kalamu, nikaelewa, au nikadhani nimeelewa. Mwanamke asiye na kizazi ni mwanamke wa kuwekwa kando, na ndugu za mume wangekuwa na sababu iliyotiwa mhuri ya kumwozesha mwingine. Nilimwambia daktari nitafikiri. Vidonge nilivichukua.

Vile vidonge vya damu vilikifanya choo changu kuwa cheusi kama lami. Hakuna aliyenionya. Nilisimama kwenye kile choo cha muda, nikiukumbuka moyo mweusi wa Mhispania. Nikaacha vidonge. Nikaanza kumwambia kila mteja aliyenipa sikio kwamba ndani ya nyumba yangu kuna mtu. Nilitaja jina.

Karibu na Krismasi nilianguka dukani. Wakanipeleka hospitali, wakaniongezea maji, wakaniambia nirudi asubuhi ya kesho kupimwa damu tena. Stanislaus alisema hawezi kunisindikiza, anakwenda Mwamgongo. Nilikwenda peke yangu.

Hospitali ile ina veranda ya nyuma inayotazama ziwa. Nilikuwa nimewaona watu wa pale mara nyingi, wamekaa juani mbalimbali, kila mmoja na nafasi yake, na sikuwahi kujiuliza wanangoja nini. Asubuhi hiyo nilikiona kitenge changu. Kilikuwa cha kasuku wa kijani, nilikikunja pindo mwenyewe, na kilikuwa mabegani mwa Spesioza. Ndoo yetu ya maji ilikuwa miguuni pake. Kando yake, ameshika kikombe, alikaa mume wangu ambaye alikuwa Mwamgongo.

Sikupiga kelele. Nilisimama nyuma ya nguzo kwa sababu nilitaka kuona mpaka mwisho. Muuguzi mzee alitoka mlangoni na sinia.

"Spesioza wa Stanislaus!"

Wa Stanislaus. Nilihisi ubaridi mpaka kwenye meno.

Spesioza aliinuka. Muuguzi akampa vidonge, kimoja kimoja, kikombe kikatoka mkononi mwa mume wangu. "Meza. Na hiki. Na hiki. Fungua mdomo." Akafungua. "Inua ulimi." Akainua. Muuguzi akachungulia kama anatafuta sindano iliyopotea. "Haya, kaa." Kikombe kikarudi mkononi mwa mume wangu.

Nikatoka nyuma ya nguzo.

"Mwakeye," nikawaamkia, kwa lugha yetu wote watatu. Stanislaus aliangusha kikombe.

"Mama Jenista," akaanza, "sikiliza..."

"Sijakuuliza wewe." Nilimgeukia muuguzi. "Shikamoo. Dawa hizi ni za nini?"

"Marahaba. Wewe ni nani yake?"

"Mimi ni mke wa huyu."

"Aa, kumbe upo!" Muuguzi akaweka sinia chini. "Huyu baba tumemwomba mara ngapi akulete? Nyumba nzima mnatakiwa mpimwe makohozi. Una mtoto? Kifua kikuu hakifichwi chini ya godoro, mama."

Kifua kikuu. Nilimtazama Spesioza. Alikuwa amejifunika mdomo na pembe ya kitenge changu.

"Dada, simama upande ule," akasema. "Upepo unatoka kwangu."

"Kwa nini ulikuwa huonji?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini jua linatoka. "Nionje vipi? Kijiko kitoke kinywani mwangu kiingie chako? Na wewe unavyoumwa? Mama yangu alikufa na kikohozi hiki. Nilikijua kabla ya daktari."

"Ungesema."

"Ningesema, ningelala wapi?"

Jibu la kweli tulilijua wote. Na sitaki msomaji adhani nililia nikamkumbatia. Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika maishani. Kwa miezi nilikuwa nikiichunguza sufuria, na kumbe kilichokuwapo kilikuwa kwenye hewa, ndani ya chumba Spesioza alicholala na mwanangu, na mume wangu alikijua. Nilikuwa nimehisi sawasawa kwamba kuna kitu kinachoweza kutuua kinafichwa ndani ya nyumba. Nilikosea chombo tu.

Jenista alipimwa. Tulisubiri jibu lake kwenye korido ileile, na huko ndiko kungoja kurefu kuliko kote ninakokuandika hapa, hata kule kwa upasuaji. Alikuwa mzima. Mimi pia mapafu yangu yalikuwa mazima. Muuguzi alisema aliyekwisha kumeza dawa wiki kadhaa hana hatari kubwa tena kwa wenzake, na kwamba kula mbali na kufungua madirisha kulisaidia. Kisha akaniuliza vidonge vyangu vya damu viko wapi. Nikamwambia kuhusu choo cheusi. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Ni chuma hicho, mama! Kila mtu hupata. Hawakukwambia?" Hawakuniambia. Wewe sasa umeambiwa.

Nyumbani nilimkalisha mume wangu kwenye kigoda, mimi nikakaa kitini.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Mwamgongo. Alitema damu kwenye boti."

"Ukamleta kwangu."

"Kambini hakumjua mtu. Mtoto wa mjomba wangu afie chini ya turubai?" Akakuna goti. "Ningekwambia, ungemfukuza."

"Ningemfukuza."

"Basi."

"Mbona umeandikisha jina lako?"

"Angeandikwa nani? Mkimbizi asiye na kambi hana jina."

"Na sahihi yako kwa daktari? Ulitia haraka kama unakimbizwa."

"Alisema utakufa," akasema. "Nilimsikia alivyosema. Nilitaka kutoka mle chumbani."

"Yasinta amekwambia uoe?"

"Yasinta ananiambia nioe tangu Jenista ananyonya."

"Na wewe?"

"Mimi niko hapa, nimekaa kwenye kigoda."

Sikuridhika. Niseme ukweli, jibu hilo nimelipima mara nyingi tangu siku ile na bado naliona fupi kidogo. Lakini ndilo nililopewa.

Nilirudi kwenye vidonge. Hofu ya upasuaji haikuondoka. Nilijua sasa kwamba hakuna aliyenipikia sumu, lakini bado niliogopa kulazwa bila fahamu mikononi mwa watu, nikitolewa kitu ambacho sitakiona. Spesioza alikuwa amekaa dirishani, maana sasa hatukuficha tena nafasi yake, akinisikiliza nikijitafutia sababu za kuahirisha.

"Dada," akasema, "mimi kila siku nasimama mbele ya mtu nisiyemjua, nafungua mdomo kama ndama, ananichungulia mpaka chini ya ulimi. Watu wote wananitazama. Wewe unatakiwa kulala tu."

"Kulala na kukatwa."

"Kulala na kukatwa," akakubali. "Lakini hutafungua mdomo."

Nilicheka, tumbo likauma. Wiki ile nikamwambia daktari niko tayari.

Ilitakiwa damu ya ndugu iwekwe kabla. Spesioza hakuruhusiwa kutoa. Damu ya Stanislaus haikulingana. Mama yangu kule Simbo alikuwa mzee mno. Aliyekuja ni Yasinta, na kelele zake zote, akaunyoosha mkono akigeukia ukutani kwa sababu anaogopa sindano.

"Sasa utakuwa na damu yetu," akaniambia. "Ukianza ukorofi nitaidai."

Kabla ya kuingizwa niliutazama mfuko ule wenye jina lake, nikamuuliza muuguzi kama umepimwa. Akasema umepimwa. Nikamuuliza mara ya pili.

Sikumbuki upasuaji. Nakumbuka kiu, na kitambaa chenye maji alichonipanguzia Jenista midomoni, na mgonjwa wa kitanda cha pili aliyeimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya ambayo niliishukuru. Stanislaus alionyeshwa uvimbe kwenye beseni. Alirudi rangi imemtoka. "Kama kichwa cha mtoto," akasema, kisha akaona amesema nini, akatoka nje. Mshono ulinikera kwa sababu naifahamu kazi ya kushona. Hatua za sindano zilikuwa ndefu mno upande wa chini.

Nilipoweza kukaa niliomba kitabu. Nilikirudia kisa cha Mhispania kuanzia alipougua, bila haraka, neno kwa neno. Na pale ilikuwapo sentensi niliyokwisha kuipita nikiwahi kwenye sumu. Juu ya moyo wake kulikuwa kumeota kitu, na madaktari wa siku hizi wanaona ulikuwa uvimbe. Yule malkia wa glovu naye alipasuliwa, na ugonjwa ukaonekana kwenye mapafu. Kuhusu binti mwenye tumbo kitabu hakisemi kama alipasuliwa, na wapo wanaodhani naye alikuwa na kitu kilichoota ndani. Niliwaza juu ya wale wanawake wa majumba makubwa, wenye waonjaji na walinzi na mlango juu ya mlango. Walikuwa na haki ya kushuku, maana kweli waliuzwa, walibadilishwa, walisengenywa. Lakini wakati wote huo wa kuchungulia sahani, kilichowaua kilikuwa kimekaa ndani yao kimya, na hakuna aliyekitafuta huko.

Kwenye wodi alikuwapo msichana mkimbizi aliyejifungua bila nguo ya mtoto. Ile shali nyeupe yenye utepe nilimpa yeye. Yasinta alipoiona mwilini mwa mtoto wa mwingine alifungua mdomo aseme, kisha akarekebisha utepe.

Mwili haukurudi ulivyokuwa. Joto linanipanda usoni ghafla hata wakati wa mvua. Kwa muda mrefu sikuweza kukanyaga cherehani, Jenista alikanyaga nami nikaongoza kitambaa. Sketi ya bluu niliitoa vile vipande nilivyoongeza, na alama za mshono wa zamani bado zinaonekana ukiitazama kwenye mwanga. Wanawake waliouliza mtoto yuko wapi niliwajibu hapakuwa na mtoto. Wengine walishusha macho kama wale wa chumba cha malkia.

Kiangazi kikarudi. Spesioza akamaliza dawa zake. Muuguzi mzee alimpima kwa mara ya mwisho, akamwambia yuko safi. Wakati huohuo zikaja habari kwamba mumewe ameonekana kambini, hai, na ikakubaliwa aende kuandikishwa huko. Asubuhi ya kuondoka aliamka kabla yangu. Nilisikia mwiko ukigonga sufuria, na sikusikia kikohozi.

Alileta uji. Hakuuweka juu ya kigoda na kurudi mlangoni. Alivuta mkeka, akakaa karibu nami mpaka magoti yetu yakagusana, akashika kijiko.

"Leo naonja," akasema.

Ningeweza kumwambia aache, kwamba hakuna haja, kwamba namwamini. Sikusema. Kwanza ingekuwa nusu ya ukweli. Na pili niliona alivyokishika kile kijiko. Alikuwa amekingoja mwaka mzima. Akachota, akapuliza, akatia kinywani, akameza polepole ili nimwone koo likisogea.

"Fungua mdomo," nikamwambia.

Alinitazama, kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. Akafungua.

"Inua ulimi."

Akainua, kama alivyofundishwa. Nilichungulia vizuri, pande zote mbili. Hapakuwa na kitu. Nikaupokea uji.